Stenlesi Ina Koo Zake

Katika Kiptere, mji mdogo wa kaunti ya Kericho ulio katikati ya mashamba ya chai na maboma ya ng'ombe wa maziwa, riziki ya nyumba nyingi ina njia mbili: jani bichi lichumwalo asubuhi na kupelekwa kituoni kupimwa kwa mizani, na maziwa yakamwayo alfajiri na kubebwa kwa mitungi hadi kwenye tangi la kupozea. Jani lina malipo yake ya mwezi na bonasi yake ya mwaka, maziwa yana hesabu yake ya lita, na juu ya hesabu hizo watu huzungumza, hutumaini, na wakati mwingine hulalamika kwa haki. Njia hizo mbili hukutana juu ya bamba la stenlesi, maana jani halifiki kuwa chai ya sokoni pasipo kusagwa, kubebwa na kukaushwa juu ya feleji hiyo isiyoshika kutu, wala maziwa hayalali usiku kucha yakaamka salama isipokuwa ndani ya tangi lililoundwa kwayo.

Naliandikia jambo hili kwa kirefu kwa sababu mabamba haya yameingia sasa hata katika karakana zetu ndogo, ambako mafundi wa jua kali huunda masinki, meza za hoteli na mapipa ya maziwa, na wanunuzi, wawe ni chama cha ushirika au mama mwenye hoteli kando ya barabara, huyanunua kwa macho, wakidhani kwamba king'aacho ni stenlesi na kwamba stenlesi zote ni moja. Dhana hiyo huwatia watu hasarani. Stenlesi ni jamii kubwa yenye koo mbalimbali, kila ukoo una nguvu zake na udhaifu wake, na mnunuzi asiyejua namba ya bamba alilouziwa hajui alichonunua.

Chuma cha kawaida, kikiachwa katika mvua za Kericho zisizokawia kurudi, huliwa na kutu kwa sababu kutu yake haishikamani nacho: humenyuka na kuanguka, ikafunua chuma kipya chini yake, na hicho kipya nacho kikaliwa, hata kikaisha. Lakini kikichanganywa na kromi, na kromi hiyo ikafika walau asilimia 10.5 ya uzito wote, ile iliyo usoni hushikana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba mno, wa nanomita chache tu, usioonekana kwa jicho lakini ulioshikamana na chuma barabara. Ukilikwaruza bamba kwa msumari utando hukatika, na papo hapo, maadamu pana hewa au maji yenye oksijeni, hujifunga wenyewe. Hiyo ndiyo siri yote ya stenlesi, na kila kanuni nitakayoitaja hapa, iwe ya kiwandani au ya karakanani, ni kanuni ya kuuhifadhi utando huo.

Aliyeipa sifa duniani ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ambaye alikuwa akitafuta chuma kitakachostahimili kuliwa na moto ndani ya mitutu ya bunduki, na mnamo Agosti 1913 akayeyusha mchanganyiko wenye kromi kama asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24, akauona hauliwi na asidi kama vyuma vingine alivyozoea. Mwaka mmoja kabla yake, huko Essen Ujerumani, Eduard Maurer na Benno Strauss wa kampuni ya Krupp walikuwa wamekwisha kutia nikeli pamoja na kromi na kupata ukoo mwingine kabisa; na mwaka 1924 William Hatfield, aliyemrithi Brearley katika maabara ya Sheffield, akaufikisha kwenye kipimo cha kromi 18 na nikeli 8, ambacho mpaka leo ndicho msingi wa mabamba mengi zaidi ulimwenguni. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yakifungua mashamba makubwa ya chai katika Kericho, juu ya ardhi ya Wakipsigis ambao malalamiko yao ya kunyang'anywa hayajaisha hadi leo, na kwa hiyo twaweza kusema kwamba chai ya nchi hii na feleji ilaliayo ni za rika moja.

Ukoo ulio mkubwa kupita zote ni ule wa osteniti, wenye kromi na nikeli pamoja, na mwana wake mashuhuri ni namba 304: kromi kati ya asilimia 18 na 20, nikeli 8 hadi 10.5. Hili ni bamba jepesi kukunjwa, lisilovunjika kwa baridi, lenye kuungika vizuri kwa moto, na katika hali yake ya asili halivutwi na sumaku. Ndugu yake, 316, ametiwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ndogo humpa ustahimilivu mkubwa mbele ya chumvi. Kila mmoja wao ana pacha aandikwaye kwa herufi L, 304L na 316L, ambao kaboni yao haizidi asilimia 0.03, na faida ya upungufu huo tutaiona tukifika kwenye moto wa fundi.

Ukoo wa pili ni feriti, usio na nikeli ya kutajika, na mfano wake ni 430 wenye kromi 16 hadi 18: huvutwa na sumaku, bei yake ni nafuu, nao wafaa kwa vifuniko, pambo na vyombo vya jikoni, ila haupendi kuchomelewa katika mabamba manene. Katika ukoo huu yumo mmoja aliyezaliwa Afrika, 3CR12, aliyebuniwa Middelburg, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwenye kromi kama asilimia 12 tu, asiyejidai kung'aa, bali aliyekusudiwa mabehewa, mabomba ya moshi na mifereji ya migodini, mahali ambapo chuma cha kawaida huisha upesi na 304 ni israfu. Martensiti, kama 420, ni wa visu na vyombo vya kukatia, kwa kuwa hukubali kutiwa ugumu kwa moto. Dupleksi, kama 2205, huchanganya tabia za osteniti na feriti na kuwa na nguvu takriban maradufu ya 304. Kazi yake iko kwenye mitambo ya mafuta na ya maji ya bahari, wala si rahisi kumkuta huku kwetu.

Sasa na tuingie kiwandani. Kaunti ya Kericho ina viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoundwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, kama vile Momul, Toror, Tegat, Litein, Kapkatet na Chelal, na katika kila kimoja safari ya jani ni ile ile. Likiisha kunyauka juu ya vitanda vyenye kupulizwa hewa, huingizwa katika mashine za CTC, ambazo wa kwanza kuziunda alikuwa William McKercher huko Assam mwaka 1930, na hapo ndipo stenlesi inapofanya kazi ngumu kuliko zote. Rola mbili zenye meno, nane au kumi katika kila inchi, huzunguka zikielekeana kwa kasi zisizolingana, moja kama mara 70 kwa dakika na mwenzake kama mara 700, na jani lipitalo kati yao halibanwi tu, bali huraruliwa na kusokotwa hata likatoka kama chenga za kijani kibichi zilizolowa maji yake lenyewe. Maji hayo yana uchachu kidogo na yamejaa polifenoli, na polifenoli zikikutana na chuma kitupu hufanya weusi ule ule ambao watu wa kale waliufanyia wino. Chai iliyosagwa juu ya chuma cha kawaida ingepoteza ule wekundu mkali unaoipa chai ya Kericho jina lake mnadani, na ingetia ulimini ladha ya chuma.

Meno hayo huchakaa, na rola hutolewa mara kwa mara ikapelekwa kukatwa meno upya, kila ukataji ukiipunguzia unene, mpaka ifike kikomo chake na kubadilishwa. Hapa pana jambo la kuangaliwa na kila msimamizi: chembe zitokazo kwenye meno yaliyochakaa huingia katika chai, na ingawa osteniti haivutwi na sumaku ikiwa imetulia, ile iliyogongwa na kusuguliwa hugeuka kiasi katika umbile lake la ndani na kuanza kuvutwa, nalo ni jambo la heri, kwani ndilo linaloziwezesha sumaku zilizopangwa kwenye njia ya kuchambulia chai kuzinasa nyingi katika chembe hizo. Kiwanda kinachochelewesha kukata meno kwa ajili ya kubana matumizi hukidhulumu kinywaji na mkulima aliyeleta jani.

Kutoka hapo chenga huachwa kwenye hewa mpaka zigeuke rangi ya shaba, kisha huingia kwenye kikaushio, ambako hubebwa na hewa ya moto ipitayo katika bamba la stenlesi lililotobolewa matundu madogo yasiyohesabika, hata unyevu wao ukashuka mpaka kama asilimia 3. Bamba hili hufundisha tabia ya osteniti ambayo mafundi wengi huisahau, yaani kwamba hutanuka kwa joto zaidi ya chuma cha kawaida: kila mita hurefuka kama mikrometa 17 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali chuma cha kawaida hurefuka kama 12. Chukua bamba la mita 5 likipashwa nyuzi 100 juu ya joto la asubuhi. Litarefuka milimita 8.5, na fremu ya chuma iliyolishika, hata ikifikia joto hilo hilo, itarefuka 6 tu. Ikiwa matundu ya bolti ni ya duara na yamebana, bamba halina pa kwenda ila kujipinda, na bamba lililopinda huacha hewa ipite upande mmoja, chai ikaungua huku na kubaki mbichi kule. Dawa ni matundu marefu yaliyochongwa kufuata urefu wa bamba, na fundi mwenye kuelewa hayasahau.

Maziwa nayo yana sheria zake. Watu wa nchi hii hawakungoja kufundishwa kwamba chombo hufanya maziwa kuwa mema au mabaya. Akina mama wa Kipsigis wamekuwa wakiitayarisha sotet, yaani kibuyu cha maziwa, kwa mkaa wa mti maalumu, kwa mkono wenye ujuzi, kabla ya kutia maziwa ya mursik, vizazi na vizazi kabla ya tangi la kwanza kuletwa. Tangi la kupozea la chama cha ushirika, lishushalo maziwa hadi nyuzi 4, huwa aghalabu la 304, na uso wake wa ndani husuguliwa mpaka ukwaruzo wake usizidi mikrometa 0.8, kwa sababu bakteria hupata maficho katika mikwaruzo mirefu ambamo burashi haifiki. Kwa sababu hiyo hiyo mtungi wa plastiki haufai, maana huchubuka upesi na kuhifadhi uchafu, na Bodi ya Maziwa ya Kenya imesisitiza mitungi ya alumini au stenlesi.

Hatari ya tangi hutoka kwa dawa ya kuoshea kuliko kwa maziwa. Soda kali ya moto hailidhuru, asidi ya nitriki iliyozimuliwa hulisaidia hata kuujenga utando wake, lakini klorini, ambayo wengi huimwaga kwa wingi kwa nia njema ya usafi na kuiacha usiku kucha ndani, huutoboa utando katika nukta ndogondogo, na mahali palipotobolewa huchimbika kwenda chini, kishimo chembamba kama tundu la sindano, ambacho juu hakionekani na chini kimekwisha kupanuka. Klorini ina muda wake na kipimo chake kilichoandikwa kwenye mtungi. Kipimo kifuatwe, na baada yake tangi lisuuzwe kwa maji safi. Nasema haya kwa msisitizo kwa sababu tangi ni mali ya wanachama, na aliyepewa zamu ya kuliosha apewe pia maelezo haya kwa lugha aijuayo.

Turudi dukani, maana huko ndiko hasara nyingi zinakoanzia. Nikeli ni madini ya bei kubwa, na watengenezaji wamebuni namba 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa hadi kati ya asilimia 3.5 na 5.5 na pengo likajazwa kwa manganizi. Bamba la 201 si ghushi likiuzwa kwa jina lake. Lafaa kwa vishikio vya ngazi za ndani na meza zisizoloa. Dhuluma huja linapouzwa kwa jina na bei ya 304, na mnunuzi akaliweka kwenye maji, chumvi na asidi, akaona madoa ya kutu kabla ya mwaka kuisha. Wengi hujihami kwa sumaku, nayo ni msaada nusu: sumaku itakufichulia 430, ambayo huvutwa, lakini 201 haivutwi kama vile 304 isivyovutwa, na kinyume chake 304 halisi iliyokunjwa huweza kuvutwa kidogo kwenye kona ya mkunjo, asiyejua akamdhania muuzaji mwema kuwa mwizi. Viko vichupa vya dawa ya matone vinavyouzwa kwa kazi hii, ambavyo tone lake juu ya bamba lenye manganizi nyingi hugeuka jekundu kwa muda mfupi, na chama cha ushirika kinachonunua kwa fedha za watu hakina udhuru wa kukosa kimoja.

Unene nao hupunjwa, na hapa mizani ni shahidi mwema kuliko jicho. Mita moja ya mraba ya 304 yenye unene wa milimita 1 ina uzito wa kilo 7.93, bamba la futi 8 kwa 4 ni takriban mita za mraba 2.98, kwa hiyo likiwa la milimita 1.5 lapaswa kuwa na uzito wa kama kilo 35.4, na likiwa la 1.2 halizidi 28.3. Kilo saba ni tofauti ambayo hata mizani ya kituo cha majani chai huionyesha bila shaka, na karani yeyote wa kituo aweza kuifanya hesabu hiyo.

Bamba likiisha kununuliwa kwa haki, huweza bado kuharibiwa karakanani. Fundi aliyezoea chuma cha kawaida huchukua gurudumu la grainda alilosagia geti jana, akasagia stenlesi leo, na chembe za chuma zilizonasa kwenye gurudumu hupachikwa usoni mwa bamba. Baada ya mvua mbili uso huo hutapakaa vidoadoa vya rangi ya kahawia, mwenye mali akasema ameuziwa stenlesi ya uongo, kumbe kutu si ya bamba bali ya geti. Burashi ya waya wa chuma hufanya madhara hayo hayo, na cheche zirukazo kutoka kwa mwenzake akataye nondo upande wa pili wa karakana vilevile. Magurudumu ya stenlesi yawe ya peke yake, burashi iwe ya waya wa stenlesi, na mabamba yaegemezwe juu ya mbao.

Moto nao una adabu yake. Osteniti hupitisha joto polepole, kama theluthi moja ya mwendo wa chuma cha kawaida, hivyo joto hurundikana penye kiungo na bamba jembamba hujikunja upesi; fundi hodari hushikiza kwanza kwa nukta fupifupi zilizokaribiana, akaruka huku na huku, hakimbizi mstari mmoja moja kwa moja. Na bamba likikaa kwa muda katika joto lililo kati ya nyuzi kama 450 na 850, kaboni iliyomo huiteka kromi na kuiweka kwenye mipaka ya punje za chuma, ukanda ulio kando ya kiungo ukabaki maskini wa kromi, na utando ukakosa cha kujijengea. Miezi baadaye tangi huanza kuvuja milimita chache pembeni mwa kiungo ambacho chenyewe ni kizima. Hiyo ndiyo kazi ya wale mapacha wa herufi L: kaboni yao ni chache mno hata utekaji huo hauna nguvu. Kwa bamba la 304 au 304L, waya wa kuchomelea uwe 308L. Kwa 316L uwe 316L. Na kwa chombo cha maziwa gesi ya argoni ilinde kiungo mbele na nyuma.

Rangi za buluu na dhahabu zibakizo kando ya kiungo, ambazo wengine huziona kuwa pambo, ni utando ulioharibika, na sharti ziondolewe. Dawa ya kuziondolea ina asidi ya nitriki na asidi ya hidrofloriki, na hii ya pili ni hatari isiyo na mfano karakanani: hupenya ngozi bila kuumiza sana mwanzoni, kisha hufika mfupani. Asiiguse mtu asiye na glavu zinazostahimili asidi, miwani na maji tele karibu, na marhamu ya glukonati ya kalisi iwepo kabla ya kifuniko kufunguliwa. Wanagenzi wetu wengi wanaoyafanya haya kwa mikono mitupu ni vijana wa miaka ishirini, na anayewafundisha kazi bila kuwafundisha hili amewakosea.

Kwa milima yetu, iliyo mbali na bahari, 304 yatosha kwa chai na maziwa, na anayemshauri mkulima kununua 316 kwa kila kazi humpotezea fedha. Chai hiyo hiyo ikiteremka Mombasa, ambako mnada wake umekaa tangu mwaka 1969, hukuta hewa yenye chumvi, na huko 316 hustahili bei yake hata kwa kishikio cha mlango. Wala mtu asidhani kwamba ghali zaidi ni bora popote: boila ya kiwanda cha chai, inayolishwa kuni na kuzalisha mvuke wa kukaushia, huundwa kwa chuma cha kawaida cha boila na kwa sababu njema, maana 304 na 316 zikivutwa kwa nguvu ndani ya maji yenye kloridi yanayozidi nyuzi kama 60 huweza kupasuka ghafla kwa nyufa zenye matawi.

Bamba halali kwa kawaida hutoka kiwandani likiwa na namba ya tanuri iliyochapwa usoni mwake na cheti kilichoandikwa kwa kanuni ya EN 10204, aina 3.1, kinachotaja kiasi cha kromi, nikeli na kaboni kilichopimwa katika myeyusho ule ule wa tanuri. Mnunuzi wa Kiptere mara nyingi hanunui bamba zima. Hununua kipande kilichosalia, na kipande hicho kikikatwa upande usio na chapa, nasaba yake hupotea siku hiyo, hata kama ni 316 safi. Muuzaji aiandike namba upya kwenye kila kipande kwa kalamu ya wino isiyo na kloridi, kabla msumeno haujagusa bamba, na aambatishe nakala ya cheti. Na mwenye kununua, akiwa na tangi la ushirika mawazoni, asiondoke dukani mpaka ameisoma namba iliyo kwenye kipande na kuiona ni ile ile iliyo kwenye karatasi.